Kushoto Shamba, Kulia Ofisi

Maandishi kama haya huandikwa na mtu aliyetimiza miaka sitini, na mimi sijatimiza hata thelathini. Nimelifikiria jambo hilo kwa siku nne kabla ya kuanza. Nimejiuliza kama ni utovu wa adabu, kama nianze na salamu au niingie moja kwa moja, na kama mtaichapisha karatasi hii au mtaisoma kwenye skrini. Mwisho nimeona nianze tu, kwa sababu mkataba wangu unaisha Ijumaa na kufikiria hakuniongezei siku.

Ofisini kwetu anayeondoka huwaachia wanaobaki kurasa chache. Mwezi huu tunaondoka wawili. Mstaafu hasa ni Bi Mwajuma, mhakiki wetu. Bosi alimwomba aandike, naye akajibu kwamba yake yote alikwisha kuyasema kwa mdomo, na aliyekuwa akiandika kila alichosema anafahamika. Wote wakanitazama mimi. Kwa hiyo, Upendo na Shabani, ninyi mnaoichukua meza yetu, mnachosoma ni kumbukumbu zangu kwa jina na za Bi Mwajuma kwa sehemu kubwa.

Nilifika Kibaha nikiwa na shahada ya taarifa za ardhi na chumba cha kupanga Tangini, umbali wa kutembea hadi kazini. Ofisi ni hii mnayoijua, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako asubuhi huwezi kuongea na simu kwa kelele za mabati yanayopakiwa. Siku ya kwanza nilifika saa moja kasoro, nikakuta mlango umefungwa. Nikashuka ili nisionekane nina kiherehere, nikapanda tena ili nisionekane nimechelewa. Mara ya tatu nikamkuta mama mmoja mfupi, amevaa baibui na miwani iliyofungwa kamba, akitafuta funguo mkobani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe uliyekuwa ukizipima hizi ngazi?"

Alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi viatu upande wa pili wa barabara muda wote huo, akinywa chai.

Bi Mwajuma ni mzaliwa wa Kisarawe. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka mingi serikalini, kwenye masjala ya ardhi, enzi za madaftari makubwa yenye majalada magumu. Alistaafu huko, akakaa nyumbani miezi mitatu akiwagombeza kuku, kisha bosi wetu akamwomba aje ahakiki kazi zetu kwa mkataba. Kwa hiyo huyu ni mtu aliyestaafu mara mbili, na safari hii anasema kuku wamejiandaa.

Kazi yenyewe mmeelezwa, ila nitaieleza tena kama alivyonieleza yeye, kwa kuwa maelezo yake ni mafupi kuliko ya bosi. Wapimaji wetu huenda vijijini, wanatembea kwenye mpaka wa kila kipande cha ardhi pamoja na mwenyewe na majirani zake, na kuingiza kila kitu kwenye kishikwambi: namba ya kipande, jina la mwenye ardhi, majirani wa pande nne, na namba za kona. Hilo ndilo faili la shamba. Siku hiyohiyo karani wa kijiji hujaza fomu za karatasi kwa mkono, zinaletwa hapa, na sisi tunazichapa upya. Hilo ni faili la ofisi, na hati za kimila za kumiliki ardhi huchapishwa kutoka humo. Mafaili haya mawili yanatakiwa kusema kitu kimoja. Mhakiki yupo kwa sababu hayasemi.

Siku hiyo ya kwanza alinionyesha meza. Alifungua programu ya maandishi matupu, ile isiyo na rangi wala mapambo, akaigawa skrini katikati, akaweka faili la shamba kushoto na faili la ofisi kulia. Kisha akazifunga pande mbili pamoja, ukisogeza huku na kule kunasogea, mstari kwa mstari. Mimi chuoni nilikuwa mtu wa kufungua faili moja, kulitazama, kulifunga, kufungua la pili na kujaribu kukumbuka la kwanza lilisema nini. Kwa mtu mwenye kichwa kama changu hayo ni mateso, kwani kila ninachokumbuka nakitilia shaka. Kuona mistari miwili imekaa sambamba kama watu kwenye benchi moja, hakuna cha kukumbuka, kazi ni kutazama tu, kulinituliza kwa namna ambayo hata leo siwezi kuieleza vizuri.

Aliniambia zamani kwenye masjala alikuwa akiweka madaftari mawili wazi mezani, rula ya mbao kwenye kila moja, na kuzishusha rula kwa pamoja. Kompyuta zilipoingia, vijana walimweleza kwa nusu saa yote zinayoweza kufanya. Yeye aliuliza swali moja tu: hii inaweza kunionyesha mbili kwa pamoja? Walipomjibu inaweza, akafunga madaftari. Rula moja aliihifadhi. Ndiyo ile inayokaa chini ya skrini yetu, na watu hudhani ni ya kukunia mgongo.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba kushoto ni shamba na kulia ni ofisi, kila siku, hata kama unafungua kwa dakika mbili. Upande wa kushoto aliupaka rangi ya maziwa yaliyoingia chai, wa kulia ukabaki mweupe, ili jicho lisiulize liko wapi. Nilimuuliza kwa nini shamba liwe kushoto. Alisema ndiko unakoanzia kusoma, na ardhi ilikuwepo kabla ya ofisi. Nilikwenda nyumbani nikalifikiria jibu hilo wiki nzima nikitafuta kasoro, na sikuipata.

Sheria ya pili ilikuwa kusoma kwa sauti. Mmoja anasoma kushoto, mwingine anajibu kulia. Wateja wakipanda ngazi walidhani kuna kisomo. Yeye anasema, "Kushoto: Mwinyimvua." Mimi nasema, "Kulia: Mwinyi, nafasi, Mvua." Tunasimama, tunaweka alama, tunaendelea. Kuna siku nilimweleza, kwa majivuno kidogo, kwamba programu ina amri inayolinganisha mafaili yenyewe na kupaka rangi kila tofauti. Hakukataa. Aliniambia niiwashe. Skrini ikawa nyekundu kama duka la nyanya la Mlandizi: kila nafasi iliyozidi, kila herufi kubwa na ndogo, kila Mwinyimvua. Akaniuliza kati ya wekundu wote huo ni upi unaomnyang'anya mtu shamba. Baadaye tulikubaliana kuitumia amri hiyo kwanza ili kufagia takataka, kisha kusoma kwa sauti. Nataka mjue kwamba hilo tulikubaliana. Hakuwa mtu wa kukataa kitu kwa sababu ni kipya.

Sheria ya tatu ndiyo nimeipenda kuliko zote, na ndiyo niliyoivunja. Aliiita kumweka mgeni. Kabla hujaanza kuhakiki, mwenzako anatengeneza nakala ya faili la ofisi na kuingiza kosa moja la makusudi mahali usipopajua. Anaandika kwenye kikaratasi ni mstari gani, anakifunga kwenye bahasha, anaiweka kwenye droo. Wewe unahakiki. Kama umemaliza na mgeni hukumwona, basi umekuwa ukitazama bila kuona, na unaanza upya. Mgeni wangu wa kwanza aliitwa Athumani Mbaazi, jirani wa kaskazini wa mtu fulani wa mstari wa arobaini. Nilimpita bila kumwamkia. Bi Mwajuma akafungua bahasha, akanionyesha, akasema Athumani kasikitika.

Mimi nikaanza kuuliza. Itakuwaje ikiwa mgeni atasahaulika ndani? Itakuwaje akichapishiwa hati? Itakuwaje ikiwa kuna Athumani Mbaazi wa kweli? Alinijibu yote: nakala hufutwa, faili halisi haliguswi, bahasha huhesabiwa. Bosi alikuwa akisikiliza mlangoni, na kuanzia siku hiyo jina langu ofisini likawa Itakuwaje. Hata dereva aliniita hivyo. Nilijitahidi kutochukia. Bi Mwajuma peke yake aliendelea kuniita Fadhili, na wakati mwingine mwanangu.

Nilikaa naye miaka miwili hivyo, na sina la ajabu la kuwaandikia kuhusu kipindi hicho zaidi ya kwamba nilijifunza kukaa. Mgeni alianza kuwa mgumu, kutoka jina zima hadi herufi moja, kutoka herufi hadi mashariki na magharibi kubadilishana. Nikawa namwona. Siku niliyomwona kabla ya saa nne asubuhi, Bi Mwajuma alichana bahasha bila kuifungua. Ile ndiyo sherehe pekee niliyofanyiwa kazini, na naikumbuka vizuri kuliko mahafali.

Kisha ikaja kazi ya kijiji kimoja cha Kisarawe ambacho sitakitaja. Vipande mia tatu na kitu. Hati zilitakiwa kugawiwa Jumamosi kwenye mkutano wa kijiji. Siku ya Jumanne Bi Mwajuma akapata msiba wa dada yake akaondoka, nikabaki peke yangu na mafaili mawili.

Nataka niandike taratibu kilichotokea, maana kinaweza kuwatokea. Programu yetu ukiigawa skrini huonyesha kwanza faili lilelile pande zote mbili. Halafu wewe unachagua faili la pili liingie kulia. Nilifungua faili la shamba, nikagawa skrini, na kabla sijachagua simu ikaita. Walikuwa wapimaji wetu walioko Mlandizi, wanauliza chaji ya kishikwambi iko wapi. Tulizungumza muda mrefu kuhusu chaji hiyo. Niliporudi mezani kushoto kulikuwa na rangi ya maziwa, kulia kweupe, mistari imekaa sambamba. Majina ya mafaili yetu yanaanza na jina la kijiji, na kile kibango kidogo cha juu hakikuonyesha zaidi ya hapo. Nikaanza kusoma.

Nilisoma siku mbili. Nilisoma kwa sauti, nikijijibu mwenyewe kwa sauti ya pili, ya chini kidogo. Mgeni sikumweka, kwani nani angemficha? Mstari baada ya mstari, kushoto na kulia wakakubaliana. Mimi ni mtu ninayerudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango. Nilitakiwa kuogopa. Badala yake nilijiambia kwamba hatimaye wachapaji wetu wamekuwa makini, na kwamba labda wasiwasi wangu wa miaka yote ulikuwa wa bure. Alhamisi mchana nikasaini fomu ya uhakiki. Makosa: hakuna. Hati zikachapishwa, zikapangwa kwenye boksi.

Ijumaa asubuhi Bi Mwajuma akarudi. Nilimpa pole, tukazungumza habari za dada yake, kisha akauliza kazi imekwendaje.

"Nimemaliza, mama. Boksi lile pale."

"Makosa mangapi?"

"Hakuna."

Alikuwa anaweka mkoba mezani, akaushikilia hewani.

"Hata Mwinyimvua?"

"Hata yeye."

"Fungua kama ulivyofungua jana."

Sikuwa hata nimefunga. Nikawasha skrini. Akavuta kiti, akakaa upande wa kulia kama alivyokaa miaka yote, akatazama pande zote mbili. Hakugusa chochote.

"Andika herufi moja hapo kushoto," akasema. "Yoyote."

Nikaandika A.

Ikatokea na upande wa kulia.

Nilifikiri skrini imeharibika. Nikaifuta, ikafutika kote kuwili. Nikaandika tena. Ndipo nikaelewa kwamba kwa siku mbili nilikuwa nimelikalisha faili la shamba mbele ya faili la shamba, nikaliuliza kama linakubaliana nalo. Nilitaka kusema kitu kuhusu simu na chaji, lakini nilisikia jinsi kitakavyosikika.

Bi Mwajuma alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Mpigie bosi simu wewe mwenyewe," akasema. "Halafu njoo tusome."

Bosi hakupiga kelele. Aliniuliza boksi linaondoka lini, nikamwambia kesho asubuhi. Akasema basi nina siku moja, akakata.

Tulisoma siku nzima. Safari hii faili la ofisi lilikuwa kulia kweli, nami niliandika herufi moja kushoto nikaangalia kabla ya kuanza, na nikaendelea kufanya hivyo kila tuliporudi kutoka kula, mpaka Bi Mwajuma akaniambia inatosha. Mistari kumi na mmoja ilitofautiana. Tisa ilikuwa herufi tu, watu waliopungukiwa h au kuongezewa a. Miwili ya mwisho haikuwa herufi.

Kushoto, kipande cha themanini na saba kilikuwa cha Zena Pazi, na cha themanini na nane cha Hamisi Pazi. Kulia, Zena alipewa themanini na nane na Hamisi themanini na saba. Ukizitafuta namba za kona kwenye picha ya anga unaona kwamba themanini na saba ni eneo la nyumba, kisima na mikorosho, na themanini na nane ni mteremko wa mawe unaoishia kijitoni. Nilimkumbuka mpimaji akisema Zena ni mjane, na Hamisi ni mdogo wa marehemu mumewe. Kwenye boksi, hati ya nyumba ya Bi Zena ilikuwa imechapwa kwa jina la shemeji yake, imegongwa muhuri, na chini kuna saini ya mhakiki. Saini yangu ni nzuri. Nimekuwa nikiifanyia mazoezi tangu sekondari.

"Sasa upi ni sahihi?" nikamuuliza Bi Mwajuma.

"Sijui."

"Lakini shamba liko kushoto."

"Kijana wa kishikwambi naye huchoka." Akanyoosha mgongo. "Hapa tumeona hayafanani. Ya kweli iko kwa mwenyewe."

Tukatoa hati kumi na moja kwenye boksi, nami nikachapa kurasa mbili, moja kwa kila upande.

Jumamosi tuliondoka Kibaha mapema kwa gari la ofisi, dereva, bosi, Bi Mwajuma na mimi nyuma na boksi mapajani. Tulipofika Mlandizi, Bi Mwajuma alishuka kununua mananasi ya kuwapelekea wafiwa wenzake. Tukaiacha barabara kuu, tukashika ile ya vumbi kuelekea Kisarawe. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Itakuwaje Bi Zena akilia? Itakuwaje shemeji akisema hati ni hati? Itakuwaje mkutano mzima ukikataa hati zote, mia tatu na kitu, kwa sababu yangu? Bi Mwajuma alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, kama mtu asiye na swali hata moja.

Mkutano ulikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Bosi alisimama akaeleza kwamba hati kumi na moja zimebaki kwa marekebisho na kwamba kosa ni la ofisi. Hakunitaja. Wale tisa wa herufi waliitwa, wakacheka majina yao, mzee mmoja akasema ameishi na h hiyo miaka sabini na haiachi leo. Kisha Bi Mwajuma akawaita pembeni Bi Zena na Bwana Hamisi, tukakaa kwenye benchi la barazani, na mwenyekiti wa kijiji akasimama karibu kama shahidi. Akanipa mimi kurasa.

"Soma wewe," akasema. "Ni kazi yako."

Bi Zena alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, kanga mbili safi, mikono imetulia mapajani. Hakusoma shule. Hamisi alikuwa mtu wa utani, alianza kwa kumuuliza shemeji yake kama amekuja kuchukua hati au mchumba, naye akamwambia anyamaze asikilize watu wa ofisi. Nikaeleza tatizo. Nikasema nitasoma kipande cha themanini na saba kama kilivyo kwenye karatasi ya kushoto, na Bi Zena aniambie kama ndicho chake.

Nikasoma mashariki. Akasema ndiyo. Nikasoma kusini. Ndiyo. Nikasoma kona ya kwanza, namba tupu ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzijua kwa kusikia. Ndiyo, mwanangu.

Nikaacha kusoma. Niliujua mtikiso ule wa kichwa wa kuitikia kila kitu. Ulikuwa wangu, wa Jumatano na Alhamisi. Alikuwa akikubali kwa sababu anayesoma amevaa shati la ofisi na ameshika karatasi iliyochapwa. Ningesoma ya kulia angeikubali vilevile, na angerudi nyumbani akaambiwa nyumba si yake. Niliinua macho nikamtazama Bi Mwajuma. Alikuwa akinitazama pia, na hakunisaidia.

Kwa hiyo nikarudi kwenye ukurasa, nikasoma kwa sauti ileile: "Kaskazini anapakana na Athumani Mbaazi."

"Ndiyo," akasema Bi Zena.

Nilikuwa nimeanza kutafuta jinsi ya kumtoa mgeni huyo bila kumwaibisha mama wa watu, alipoinua kidole kimoja kutoka pajani.

"Nani?"

"Athumani Mbaazi."

"Rudia tena."

Nikarudia. Akamgeukia Hamisi. "Unamjua huyo?"

"Labda kahamia usiku," akasema Hamisi. "Mimi huko naenda kila siku, sijaona mtu."

Bi Zena akanigeukia mimi, na mikono yake haikutulia tena. "Kaskazini yangu ni mkorosho uliopasuka, na kaburi la baba watoto, na ukivuka kaburi ni shemeji huyu hapa. Hakuna Athumani. Nani kamweka Athumani?"

"Nimemweka mimi, mama," nikasema. "Nilitaka nijue kama unanisikiliza. Naomba radhi."

Safari hii sikutafuta la kuongeza. Bi Zena akasogea mbele kwenye benchi, akaanza kunisomea yeye. Alitaja kila upande kwa alichokijua: kisima alichochimba mumewe mwaka wa mvua nyingi, jiwe la kunolea visu, mikorosho kwa idadi na nani aliupanda upi. Mimi nilikuwa nikiangalia karatasi ya kushoto nikifuata kwa kidole. Kila alichosema kilikuwemo, katika namba na majina yaliyokauka. Yeye ndiye aliyekuwa kushoto, na karatasi zangu zote mbili zilikuwa kulia. Alipomaliza, Bi Mwajuma akamuuliza Hamisi kama ana neno. Yeye akasema mteremko wa mawe ni wake tangu utoto, aliwahi kuanguka akang'oka jino pale, na hati ya nyumba ya kaka yake asingejua hata aiweke wapi. Alisema kwa utani, lakini alimtazama shemeji yake aliposema.

Nikaijaza fomu ya marekebisho pale barazani. Nikaufungua wino. Bi Zena akanyoosha kidole gumba, kisha akakirudisha.

"Soma tena kutoka juu," akasema. "Na Athumani asiwepo."

Nikasoma. Alifumba macho, na midomo yake ikawa inatangulia neno moja mbele ya langu, mpaka mwisho. Hapo ndipo akaweka gumba.

Wiki iliyofuata mimi mwenyewe nilimpelekea hati yake. Sikulala njia nzima, lakini sikuuliza chochote. Tangu siku hiyo tumeongeza kwenye fomu ya uhakiki sheria ya nne, ya herufi moja, ambayo bosi anasema ni mchango wangu kwa ofisi. Ni kweli, ila njia niliyoufikia msiiige.

Bi Mwajuma aliondoka juzi. Hakutaka hotuba. Alizunguka meza, akafuta vumbi kwenye skrini kwa mtandio, akaichukua rula yake, akafika mlangoni, akarudi, akaiacha mezani. Alinishika mkono akaniambia wasiwasi wangu haukuwahi kumsumbua, kwa sababu mtu wa kuhakiki asiye na wasiwasi ni wa kumwogopa, na kilichokuwa kimebaki ni kuufundisha ukae mahali pake. Kisha akaniuliza nitakwenda wapi. Nikasema sijui, nimetuma maombi mahali kumi na mbili na kila moja nimelisoma mara sita. Akasema mara mbili zinatosha.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini jana mchana nilipita kuchukua begi langu nikakukuta wewe, Upendo, mezani. Hukuniona. Ulikuwa umefungua mafaili ya kijiji cha Soga, kushoto rangi ya maziwa, kulia kweupe. Ukaandika herufi moja upande wa kushoto, ukageuka kutazama kulia. Haikutokea. Ukaifuta, ukavuta kiti, ukaanza kusoma kwa sauti. Nikashuka ngazi taratibu, mara moja tu.